Barua kwa mdogo wangu aliye Leeds: Mama hatoki Mkomani

Mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza sote pamoja, na ulipokwisha wote wakanigeukia mimi. Nakujibu hadharani kwa kuwa najua nyumba nyingi hapa Mkomani na mitaa mingine ya Amu, yaani mji wa Lamu, zina mjadala huu huu, ila watu huufanya kwa kunong'ona, kama vile ni aibu mzazi kuzeeka.

Umesema tumtafutie Mama nyumba ya wazee Mombasa. Sikukasirika. Ile ya Kasarani kule Nairobi, wanayoiendesha watawa wa Kikatoliki, imewasitiri wazee wasio na pa kwenda. Lakini Mama ana pa kukaa, na wewe hujamwona tangu kusahau kumzidi. Majina yetu anayachanganya. Mimi siku nyingine huniita kwa jina la dada yake marehemu. Ila akiamka usiku, mkono wake hupapasa ukuta, ukazipita zidaka, vile vishubaka vya ukutani, moja moja, mpaka akafika chooni bila taa. Mtu wa hali hiyo ukimhamishia chumba asichokijua, kuchanganyikiwa kwake huzidi. Wewe umesomea mambo haya, huna haja ya kuelezwa nami.

Ninachotaka ni mtu wa kukaa naye, alale hapo hapo, yaani kazi unayoifanya wewe huko Leeds, ya kukaa na mzee nyumbani kwake. Na hapo, usiniwie radhi ukitaka, nimeshangaa: mzee wako wa huko analindwa asitoke kwake, halafu Mama ndiye wa kutolewa! Najua Uingereza kuna hesabu nyingine pia. Uliwahi kunieleza kwamba England, mwenye akiba na mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia matunzo mwenyewe, na kwamba akitunzwa kwake nyumba haiingizwi kwenye hesabu hiyo, ilhali akihamia makao ya wazee moja kwa moja huenda ikaingizwa. Huku hakuna wa kutupigia hesabu. Katiba ya Kenya, Ibara ya 57, inasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia yake na Serikali. Upande wa Serikali, Mama hupata shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa kuwasaidia wazee, na pampasi za watu wazima zinazimaliza mapema.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Ndugu zetu wakisikia "mtu wa kukaa na Mama," wanamwona msichana wa kazi: apike, afue, atumwe sokoni, awaangalie wajukuu wakitoka madrasa, na Mama naye "amtazame tazame." Hapana. Mtu wa namna hiyo atachoka, na aliyechoka humfokea mgonjwa, au humwacha na unyevu mpaka ngozi ikachubuka. Tumepata mwanamke wa kijiji cha Matondoni aliyemuuguza mama mkwe wake mpaka mwisho. Anajua kumwinua mtu bila kumvuta mkono, na anajua kwamba asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Nilipomweleza kazi hakuuliza mshahara kwanza. Aliuliza, "Mimi nitalala wapi?" Kaka akajibu, "Hapo chini, kwenye mkeka, karibu na bibi." Nilitamani ardhi inimeze.

Sheria ya Ajira ya 2007 haimbagui mfanyakazi wa nyumbani. Kazi ya miezi mitatu na zaidi iwe na mkataba wa maandishi; siku moja ya mapumziko katika kila saba; likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. NSSF ya akiba ya uzeeni na SHA ya matibabu nazo zipo. Nikiyataja haya naambiwa nimeleta uzungu, na wanaosema hivyo wenyewe wana mikataba maofisini.

Halafu kuna usiku. Mtu mmoja hawezi kukesha na kushinda kazini, hata umlipe dhahabu. Mama akianza kuamka amka, zamu za usiku ni zetu: mimi, kaka, na wake za ndugu kwa hiari yao, si kwa kupangiwa. Ijumaa mama wa Matondoni anakwenda kwao, na siku hiyo kaka atakaa na Mama. Ameguna, lakini amekubali. Kumwogesha na kumtia udhu nitakuja mimi kutoka kwangu, mtaa wa Langoni.

Nyumba yenyewe inahitaji kazi kidogo. Zile ngazi za mawe unazijua. Mama tunamteremsha chini kabla hajaanguka, maana kumpitisha mwenye nyonga iliyovunjika katika vichochoro vile, mpaka hospitali au hadi boti ya kuvukia bara, Mokowe, ni mateso. Lakini ateremke na kitanda chake, mswala wake na kabati lake. Fundi atatia vishikio chooni.

Kwako nataka mambo mawili. Kwanza, mchango wako uwe mshahara wa kila mwezi, uje kwa tarehe, si zawadi ya Idi. Pili, lile daftari ulilonionyesha kwenye simu, unaloandika mzee amekula nini, amemeza dawa gani saa ngapi, amelalaje: tuandikie kama hilo kwa Kiswahili chepesi, herufi kubwa, na ukurasa wa sukari na presha uwe peke yake. Mama wa Matondoni anaanza Jumamosi, kwa hiyo litume kabla ya Alhamisi nipate kulichapisha.