Harambee ya Vivoti: Watoto Arobaini, Filimbi Saba

Asalamu aleikum wazazi, wanafunzi wa zamani na majirani wa shule,

Mnaopita barabara ya shule Jumamosi asubuhi mmeshatusikia. Mzee mmoja aliniuliza kama kuna bati la darasa limelegea linapigwa na upepo. Si bati, ni chama cha muziki. Mimi ni mwalimu wa Hisabati. Chama hiki nilitwikwa kwa sababu siku ya kugawana kazi nilichelewa kikao. Sasa naandika kwa niaba ya kamati kuwaomba mtuchangie vivoti.

Wadigo hawahitaji kuelezwa, ila wanakijiji wa kuja na walio mbali wajue: chivoti ni filimbi ya mwanzi ya huku kwetu Kwale, ya kushika ubavu, yenye tundu la kupulizia na mengine sita ya vidole. Msiifananishe na rikoda ya plastiki ya darasani. Rikoda hata mtoto wa chekechea akiipuliza italia, maana mdomo wake una njia inayopeleka pumzi mahali pake. Chivoti hakina njia hiyo. Njia ni midomo yako mwenyewe, na hapo ndipo kazi ilipo.

Siku ya kwanza mtoto simpi chivoti, nampa chupa tupu ya soda. Akishaweza kuiliza kwa kupitisha pumzi juu ya mdomo wa chupa, nusu ya somo imekwisha. Kisha chivoti, matundu ya vidole yote wazi: mdomo wa chini ufunike kama robo ya tundu, pumzi iwe nyembamba, igonge ukingo wa ng'ambo. Mashavu yasifure. Nawaambia wateme pumzi kama mtu anayetema mbegu ya tikiti. Wengi hutoa upepo mtupu wiki nzima, na wakizidisha bidii hupata kizunguzungu, ndiyo maana wanaoanza huwakalisha chini kwenye jamvi na kuwapumzisha kila baada ya dakika chache. Halafu siku moja, bila taarifa, sauti inatoka. Msichana mmoja wa gredi ya tano ilipomtoka mara ya kwanza alishtuka akakiangusha chivoti, akageuka kutazama ni nani aliyepuliza.

Vidole ni hadithi nyingine. Mtoto huziba tundu kwa ncha ya kidole, na pumzi inavuja. Sibishani naye, namwambia aniletee mkono niusome. Kidole kilichoziba sawasawa, kwa nyama yake, hubaki na alama ya duara kamili. Kikiwa na mwezi mwandamo, tundu lilikuwa linavuja. Siku hizi wanakaguana wenyewe kabla sijafika. Tunaanza na mkono wa kushoto, kidole kimoja, viwili, vitatu; mkono wa kulia unafuata baadaye, kwa sababu sauti za chini hazisamehi hata uvujaji mdogo.

Yote hayo tunayafanya kwa vivoti saba, watoto wakiwa arobaini. Kupokezana kitu kilichotoka mdomoni mwa mwenzako, msimu huu wa mafua, mzazi yeyote anaelewa. Tunaosha kwa maji na kupangusa, lakini foleni inakula kipindi.

Shida kubwa zaidi ni kwamba hivyo saba havielewani. Kila kimoja kilitengenezwa peke yake na fundi wake, mwanzi wake, urefu wake, nafasi za matundu yake. Kimoja kikilia peke yake ni raha. Vikilia vitano pamoja ni ugomvi wa sokoni, na mtoto anayeanza hawezi kujua kama amekosea yeye au ni chombo. Mwaka jana tulijaribu kununua vya dukani, vya rangi nzuri. Matundu yalikuwa ya kupendeza wageni, si ya kupigia muziki.

Tumempata fundi, babu wa mmoja wa wanafunzi. Atakata mianzi iliyokomaa, kwa sababu michanga inaliwa na dumuzi, aikaushe kivulini isipasuke, kisha atoboe matundu madogo na kuyapanua kidogo kidogo huku tukisikiliza. Tundu likipanuka sauti inapanda. Likizidi, kurudisha ni kazi. Vyote arobaini vitafuata chivoti kimoja alichokichagua mwenyewe.

Hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu: vivoti 40 kwa Sh600 ni Sh24,000. Fundi kuja kufundisha Jumamosi 12, Sh1,500 kila siku, ni Sh18,000. Jumla Sh42,000. Kamati imeshakusanya Sh11,500, zimebaki Sh30,500. Mifuko ya kuhifadhia akina mama wamejitolea kushona kwa vipande vya leso, kwa hiyo haimo.

Kuna mzazi aliyeniuliza kama hii ndiyo elimu aliyomletea mtoto. Nilimwalika Jumamosi. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927, na tungependa watoto wetu wasimame huko na ala ya kwao. Lakini ukweli, mimi ningefundisha hata kama tamasha lisingekuwepo. Mwanafunzi wangu mgumu kuliko wote kwenye hesabu za sehemu ameanza kuzielewa tangu nilipompimia matundu kwenye mwanzi.

Harambee ni Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa uwanjani. Kadi ziko kwa mweka hazina na kwa wawakilishi wa kila gredi. Walio mbali watume kwa namba iliyoandikwa kwenye kadi na wadai risiti. Asiye na pesa alete mwanzi mkavu, au sukari ya uji. Watoto watapiga wimbo wa sauti tatu, ndizo wanazozijua kwa sasa. Baada yao kuna mnada, na jogoo ameshatolewa na bibi mmoja wa jirani. Ni mkubwa. Msimnunue kwa bei ya kifaranga.