Taarifa ya Mwenyekiti: mwaka tuliomzika Mama Baiskeli

Wanachama wenzangu, mama zangu, dada zangu, na wale wazee wawili wanaume tuliowakubali kwa shingo upande, salaam. Hesabu ataisoma mhazini siku ya mkutano, mimi siingilii kazi yake, niseme tu kitabu kiko sawa na madeni mengi ya zamani yamelipwa, wale waliobaki wanajijua. Choo cha soko bado hakijaisha. Hayo nimemaliza.

Sasa niseme lile limenikaa rohoni, maana mwaka huu tulimzika Mama Baiskeli.

Nyinyi vijana mnamjua kama bibi wa mukene, wale dagaa wakavu, pale kona, yule anakataa kupunguza bei halafu anakuongeza konzi ya bure ukishageuka. Hamkumjua akiwa na miguu yake. Hapa Busia ndio boda boda ilizaliwa, miaka ya sitini watu wanabebwa na baiskeli kutoka mpaka wa Uganda hadi wa Kenya, na waliokua wakiendesha ni wanaume tupu. Yeye wakati wa Amin bwana yake alitoka asubuhi moja hakurudi, watoto wanne ndani, akauza kitanda akanunua baiskeli imechakaa haina hata breki ya nyuma. Wazee wakamwita, mwanamke kupanda baiskeli ni mkosi, akawaambia sawa atashuka lakini kuanzia jioni hiyo watoto watakula kwao. Hakuna aliyemuita tena.

Alikua anaenda mpaka Majanji ziwani alfajiri, anarudi na gunia nyuma. Mukene yake ilikua haina mchanga, ebu kumbukeni vile alikua anachukua kidogo anasugua kiganjani halafu anatafuna macho yamefungwa, ikilia mchanga menoni anasema hiyo ni ya kuku, pelekea kuku. Mimi mpaka leo nanunua hivo, na nimeona wengi wenu pia.

Na magendo je? Alifanya, tusidanganyane, nani hakufanya, sabuni na chumvi zilikua kama dhahabu miaka ile. Kwenye matanga kijana wake mkubwa alitusimulia walivyopita njia za panya usiku yeye akiwa mgongoni, wakikaribia askari mama anamkatia kipande cha muwa anyonye asilie. Anasema mpaka leo akionja muwa anaanza kunyamaza mwenyewe. Watu walicheka mpaka wakalia tena.

1987 serikali ya Uganda ilipobadilisha pesa, 100 za zamani zikawa shilingi moja mpya na juu yake ikakatwa asilimia 30, akiba yake yote ilikua noti ndani ya mto wa kulalia. Alikaa siku mbili haongei. Siku ya tatu alikuja kwa mama yangu na wengine watatu akasema pesa ikilala peke yake inakufa, tuizungushe kati yetu, na hapo ndio chama hiki kilianza, chini ya muembe, hakuna katiba hakuna muhuri. 1996 MV Bukoba ilipozama kule Mwanza watoto walimshika miguu asiende tena ziwani, akakubali, halafu wiki ya pili tukasikia yuko kwenye mtumbwi. 2020 mpaka ulipofungwa kwa korona, na wauzaji wakaambiwa walale sokoni, alikuja na neti yake na redio, umri ule, akawa anatuchekesha usiku kucha, hatulali.

Sasa ile ngumu. Mwaka huu mwanzoni aliomba mkopo aende Elegu, kule mpakani kaskazini, mwenyewe akaone soko la Sudan Kusini, alikua amesikia mukene inaenda sana kule na bei anayoambiwa na madalali haimuingii akilini. Kamati ilimkatalia. Tulisema umri. Niliyetia sahihi ile barua ni mimi, na barua yenyewe nilimtumia mtoto ampelekee, sikuenda. Alikunja akaweka chini ya mzani wake uliokua unayumba, akauza kama kawaida, wiki iliyofuata kona iko tupu. Ameenda kwa pesa yake, basi mpaka Kampala, lingine mpaka Gulu, halafu Elegu. Alirudi amekonda, anacheka, nyani wa Karuma njiani walimnyang'anya chapati dirishani. Hakunitajia ile barua hata siku moja, na mimi sikupata mdomo wa kuomba msamaha mpaka akaondoka.

Binti yake aliniletea daftari. Ameandika kwa penseli kila kitu, bei ya gunia Elegu, nani analipa papo hapo na nani ni maneno tu, wapi mama analala salama kwa bei ndogo. Madalali wetu walikua wanatukata karibu nusu. Nusu, jamani.

Kwa hiyo kwenye mkutano naleta mambo mawili tupige kura. Kile kifungu cha umri kwenye mikopo kitoke. Na wanachama wawili wapewe mkopo waende Elegu na lile daftari, binti yake ameshasema yuko tayari, tunatafuta wa pili. Ukurasa wa mwisho ameandika kiti cha dirishani msikae, na kama lazima, chapati ikae ndani ya nguo.