Kaka, mchango wa mguu wa Mama haujaisha

Kaka yangu,

Ulipoandika kwenye kundi la familia kwamba "tumemaliza, Mungu ni mwema", nilikuwa hapa Nyalenda, Kisumu, nikimfunga Mama bendeji kwenye mguu uliokatwa. Bili ya hospitali tuliilipa kweli, na najua ulivyojinyima. Asante sana. Lakini hatujamaliza.

Daktari aliniambia jambo nililoshindwa kukueleza kwa simu. Kati ya wanaokatwa mguu kwa sababu ya sukari au mishipa iliyoziba, tafiti nyingi zinaonyesha zaidi ya nusu hawafikishi miaka 5 tangu wakatwe. Wengi hawauawi na kigutu. Ni moyo, kiharusi, figo, au kidonda kipya kwenye mguu uliobaki. Na umaskini huingilia hapo hapo. Hata Uingereza, ambako mtu halipi kulazwa, wakazi wa mitaa maskini hukatwa miguu zaidi kuliko wa mitaa ya wenye nacho. Sembuse sisi.

Choo kiko nyuma ya ploti, na unaijua ardhi yetu nyeusi ikinyeshewa. Magongo yanazama. Basi Mama ameacha kunywa maji tangu alasiri, asije akabanwa usiku. Mgonjwa wa sukari, kaka, ajinyime maji! Kliniki ni boda kwenda na kurudi, maana matatu hawezi kupanda, nami siku hiyo nifunge kibanda. Mwezi uliopita hatukwenda. Insulini naihifadhi kwenye chungu chenye mchanga uliolowa, kwa kuwa friji hatuna. Biashara yake ya omena pale soko la Kibuye ilikufa siku aliyolazwa.

Mzee wa mlango wa pili alikatwa kabla yake. Matangani walisema sukari imemmaliza. Mimi nilikuwa nikimwona akikosa nauli.

Kwa hiyo usikimbilie mguu wa bandia. Kigutu bado kimevimba, hautamkaa. Tuma nauli ya kliniki kila mwezi, hata iwe kidogo, mradi isikatike. Tununulie mifuko michache ya saruji tumjengee njia hadi chooni, na chuma cha kushikilia. Mwenye ploti amekubali.

Tena upige simu saa mbili usiku. Huo ndio wakati ninaomulika tochi unyayo wa mguu uliobaki na katikati ya vidole, kwa sababu mguu wenyewe hauhisi tena ukichomwa. Mimi hunificha, anasema hauna kitu. Ukimwambia wewe, atautoa blanketini.