Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Stesheni ya Zigi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha hapa Muheza. Mwaka huu klabu yetu imejishughulisha na stesheni ya Zigi, chini ya milima ya Amani, ambako treni ilikoma zamani.

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, enzi za Wajerumani, ikafika Muheza mwaka 1896. Kampuni iliyokuwa ikivuna mbao Usambara Mashariki ikataka njia ya kuteremshia mzigo, ndipo likajengwa tawi la Tengeni hadi Zigi, kilomita 23 tu. Lilianza mwaka 1904, likakamilika 1910. Aliyewahi kupanda kwenda Amani siku ya mvua hatashangaa kwamba ilichukua miaka sita.

Mheshimiwa, lililotugusa zaidi ni upana wa reli zenyewe. Reli ya Tanga ilikuwa na upana wa mita moja, ya Zigi sentimita 75. Behewa la Zigi lisingeweza kupita kwenye reli kubwa hata kwa dawa. Kwa hiyo kila gogo na kila ubao ulioteremka kutoka msituni ulishushwa Tengeni, ukapakiwa upya, ndipo uende bandarini. Waliobeba ni vibarua, watu wa rika la mababu wa babu zetu. Katika vitabu tulivyosoma hatukukuta jina la hata mmoja wao, na hilo linatuuma.

Leo nyumba ya mkuu wa stesheni imekarabatiwa, nayo ni kituo cha kupokelea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Magogo yalikopakiwa, sasa watu wanashuka kuja kuitazama miti ikiwa imesimama. Mto Zigi nao unaendelea kulijaza bwawa la Mabayani, na Tanga mjini wanakunywa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tuna maombi mawili. Kwanza, usafiri wa kutufikisha Zigi, kwa kuwa wengi wetu tunaijua kwa kusoma tu. Pili, vinasa sauti viwili, ili tuwarekodi wazee wa Tengeni na vijiji vya njiani waliosimuliwa na wazazi wao habari za reli hii. Wazee hao ni wachache, na ombi hili la pili ndilo la haraka zaidi.

Tunaomba kuwasilisha.