Wazazi, tusiwaache watoto wakwangue mawe ya jangwani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wazazi wenzangu, hasa wanaopeleka watoto jangwani kutazama yale mawe yaliyosimama kama uyoga.

Hivi karibuni tulikwenda familia nzima, akiwemo mama mkwe wangu, ambaye kwa kutembea alituacha sote nyuma. Eneo lenyewe silitaji, kwa sababu niliyoyaona pale hutokea kwingi. Jiwe moja lilikuwa na kichwa kipana na shingo nyembamba hata binti yangu akadhani limejengwa na watu. Mwongozaji wetu alituambia tuiname tuitazame shingo ile kwa karibu. Imejaa vishimo vidogo vidogo, na ukipitisha kidole polepole tu, chembe za mchanga zinabaki mkononi. Akatueleza kuwa mchanga unaopeperushwa na upepo hauruki juu sana. Mwingi hupita chini ya kimo cha mita moja, ndiyo maana jiwe huliwa chini na kichwa kikabaki. Unyevu na chumvi ya ardhini navyo huimega shingo hiyo hiyo. Na jiwe la mchanga likilowa hupungua nguvu, kwa hiyo kulipanda baada ya mvua ni hatari kwa jiwe na kwa anayelipanda.

Kabla hajamaliza, baba mmoja wa kundi jingine alimpandisha mwanawe juu ya jiwe la jirani apigwe picha. Hatua chache kutoka hapo, kijana wao alikuwa akikwangua jina lake kwenye ukuta wa mwamba kwa msumari, na wazazi wanamtazama. Niliumia sana.

Weusi unaong'aa kwenye kuta zile si uchafu wala moshi. Ni ganda la udongo na madini ya chuma na manganizi, lisilofika unene wa milimita moja, lililojijenga kwa maelfu ya miaka. Msumari hulitoboa mara moja, na mstari mweupe unaobaki hautafutika sisi wala wajukuu zetu tukiwa hai.

Mwanangu mkubwa akauliza: mbona watu wa kale nao walichora? Swali zuri, nami sikutaka kulipuuza. Kule Tassili n'Ajjer, Algeria, kuna michoro zaidi ya 15,000 ya kale, mingine ya rangi na mingine ya kuchongwa. Humo mna ng'ombe na twiga, na kutokana nayo tunajua kwamba Sahara iliwahi kuwa na majani na maji. Wale walikuwa kwao, wakaacha habari za maisha yao. Jina la mgeni na tarehe aliyopita havimwambii mtu chochote, na mara nyingine hukwanguliwa juu ya michoro hiyo hiyo.

Mwaka 2013, katika bonde la Goblin Valley, jimbo la Utah, Marekani, watu wazima waliokuwa na vijana walisukuma jiwe la namna hii likaanguka, huku wakijirekodi. Waliishia mahakamani. Jiwe halikurudi juu.

Ombi langu kwa wanaosimamia maeneo haya ni dogo. Kibao kilichoandikwa "Marufuku kupanda" hakitoshi. Wekeni pale pale penye jiwe maelezo ya jinsi shingo ile inavyoliwa, maana mtoto akishaelewa, yeye mwenyewe humzuia mwenzake. Pia wapeni waongozaji mamlaka ya kumtoa nje mgeni anayekwangua. Wetu aliona kila kitu. Nilipomuuliza kwa nini amenyamaza, akanijibu kwa sauti ya chini: "Mama, wakinishtaki kwa mkubwa wangu, mimi ndiye nitakayeondoka."

Msomaji wako,
Mama wa watoto watatu