Tangi la maji lionekane kwenye ramani ya nyumba

Mhariri,

Anayetafuta nyumba ya familia hapa Malindi, iwe Ngala, Muyeye au Maweni, huoneshwa vigae, makabati ya jikoni na shule iliyo karibu. Tangi haoneshwi. Hulijua siku mfereji unapokauka, na kuanzia hapo mitungi ya lita 20 ya mkokoteni inaingia katika matumizi ya kila siku kama unga na mafuta.

Maji yetu ya mfereji husukumwa kwa pampu za umeme kutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, ambavyo vinalisha hadi Mombasa. Stima ikikatika huko au paipu kubwa ikipasuka, mji unangoja. Kisima cha uani hakizibi pengo hilo, kwa kuwa karibu na bahari maji ya visima vingi yana chumvi. Klorini haiiondoi, na kuchemsha ndiko kunakoizidisha, kwani maji huenda na mvuke na chumvi ikabaki sufuriani.

Kwa hivyo akiba ipigiwe hesabu kabla ya msingi kuchimbwa. Kupika, kuoga, kufua na choo humtaka mtu mmoja kama lita 50 kwa siku. Ploti ya familia sita, watu watano kila nyumba, ni lita 1,500 kwa siku. Siku tatu za ukavu ni 4,500. Mara nyingi ploti kama hiyo utaikuta na tangi moja la lita 1,000 juu ya mnara.

Na hilo la mnarani nalo halijai. Maji yanayorudi usiku huwa na presha ndogo, na kila mita 10 za kupanda hula ba moja, kile kipimo cha presha. Mnara wa mita 6 unataka zaidi ya ba 0.6 ndipo tone la kwanza liingie. Ndiyo maana mfereji wa uani hutiririka na tangi la juu likabaki kavu, wapangaji wakadhani mwenye nyumba kafunga koki. Tangi kubwa la kupokea liwe chini, la lita 5,000, lenye koki ya boya, inayojifunga tangi likijaa. Pampu ndogo ndiyo ipandishe maji juu.

Lita 5,000 ni tani 5, kwa hivyo tangi la plastiki likae juu ya slabu tambarare, si juu ya mchanga wala vipande vya matumbawe. Jiwe moja lililochomoza husukuma kitako mahali pale pale hadi kikapasuka, na ufa wa kitako haurekebishiki ukadumu. Likijengwa la kufukiwa, mdomo wake uinuke sentimita 30 juu ya ardhi maji ya masika yasiingie, nalo liwe mbali na shimo la choo kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Miamba yetu ya matumbawe ina vitundu na hupitisha uchafu. Tangi tupu la mnarani lifungwe kwa kamba, maana kusi hulipeperusha, mfuniko ukitangulia.

Huo mfuniko ndio unaotusumbua zaidi sisi mafundi, kwa sababu wengi huuona kama pambo. Mbu wa homa za dengue na chikungunya hutaga kwenye maji safi ya ndani ya nyumba na huuma mchana, saa ambazo watoto hawako ndani ya neti. Chikungunya ilipozuka Lamu mwaka 2004 ilikuwa wakati wa ukame, na wachunguzi waliihusisha na maji ya akiba yaliyokaa majumbani bila kubadilishwa. Wazee wa Lamu walikuwa na njia yao: kwenye birika, yaani hodhi la maji, la nyumba ya mawe walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi, na chini wakapachika bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Kwenye tangi la plastiki, mfuniko ubane kabisa na paipu ya kumwagia ziada ifungwe wavu wa mbu mdomoni.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mayai ya mbu hao hugandia ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji, na hustahimili ukavu kwa miezi. Kuta zisuguliwe kwa brashi na sabuni, hasa ule ukanda, mara mbili kwa mwaka: Machi kabla ya masika na Oktoba kabla ya vuli. Baada ya kusuuza, jaza maji na utie klorini ya maji ya asilimia 3.5, lita moja na nusu kwa kila lita 1,000. Acha saa 12, fungua mifereji yote hadi harufu isikike, kisha mwaga yote ujaze upya. Anayeingia ndani asiingie bila mwenzake mdomoni mwa tangi, na klorini isitiwe angali ndani. Isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo. Gesi inayotoka huua.

Washa za koki, zile raba za ndani zinazozuia maji kudondoka, zisisahaulike pia. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde humaliza mtungi mzima wa lita 20 kwa siku.

Tunaiomba kaunti, inapopitisha ramani za nyumba za kupangisha, iangalie tangi kama inavyoangalia shimo la choo: ujazo wake kwa lita, mahali lilipo, na slabu yake. Ramani isiyo na hayo irudishwe kwa mwenyewe.

Mafundi wa mifereji,
Malindi