Kwa mdogo wangu aliye Kampala: karatasi yako bado iko ukutani

Mdogo wangu,

Ile karatasi uliyoibandika Desemba bado ipo. Mama amekataza tusiiguse, anasema aliyeibandika atakuja kuibandua. Kona moja imeachia na mjusi amehamia nyuma yake, lakini maandishi yanasomeka: saa kumi alfajiri kuamka, saa kumi na robo kukimbia, saa kumi na moja kusoma kurasa 30, kisha kuoga maji baridi, kuandika malengo, na kuendelea hivyo hadi usiku. Nimehesabu vijisanduku 14. Hakuna hata kimoja chenye jina la mtu.

Ulipopiga simu juzi sauti yako ilikuwa imeshuka. Ulisema umeshindwa, huna nidhamu, wenzako wanaweza. Sikukujibu vizuri kwa sababu nilikuwa na mteja wa dagaa mbele yangu na kikombe mkononi, na wateja wa Arua unawajua: asipoona kikombe kimefanya kichuguu, na nyongeza juu ya kichuguu, anahamia banda la jirani. Ndiyo maana nakuandikia. Naandika hadharani kwa kuwa najua si nyumba yetu tu yenye karatasi kama hiyo.

Kwanza tucheke. Unakumbuka ulivyomwambia shangazi kwamba siku hizi unasoma vitabu vya kujisaidia? Yule mama kaishi Mombasa miaka mingi. Alikunyooshea kidole choo kilipo. Sisi watoto wa kambi ya jeshi, na Kiswahili chetu cha wanajeshi, tulichelewa kuelewa kwa nini kanga imemdondoka kwa kucheka. Lakini nimelifikiria sana neno lile. Kujisaidia kwa maana ya shangazi ndiyo kazi pekee ambayo mtu huenda kuifanya peke yake na kufunga mlango.

Sasa ile semina ya hotelini iliyokula shilingi 150,000 zako. Mzungumzaji aliwaambia tabia mpya hujengeka kwa siku 21, nawe ukaihesabu kama mtu anayehesabu siku za kifungo. Hesabu hiyo ina asili yake. Mwaka 1960 Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura huko Marekani, aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Alikuwa akizungumzia pua, na neno "angalau" limepotea njiani. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London walipokuja kupima jambo lenyewe kwa watu 96, matokeo yaliyochapishwa 2010 yalionyesha kwamba mtu wa katikati alihitaji siku 66. Mwepesi zaidi alihitaji 18, na aliyekuwa mzito alikadiriwa kufika 254. Tena kila mmoja alichagua jambo moja tu, dogo, kama kunywa maji wakati wa chakula cha mchana. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Wewe ulianza mambo 14 kwa mkupuo. Unafunga duka saa tatu usiku, unakaa kwenye foleni ya magari barabara ya Bombo, unaingia Kawempe saa tano. Ukiamka saa kumi, umelala saa ngapi? Aliyeandika ratiba ile hajawahi kupanda taksi ya Kampala.

Usidhani nadharau mashauri hayo. Mengine nimeyachukua na yamenifaa. Nilikuwa nikifika nyumbani, nakaa na simu mpaka uji wa mtoto unaungua, halafu namfokea mtoto. Nilisoma mahali kwamba azimio hushika zaidi ukilifunga kwenye jambo unalolifanya tayari, kwa mtindo wa "nikishafanya hiki, basi nafanya kile". Mimi kila jioni nafunga kufuli ya banda. Kwa hiyo nilijiambia: nikishasikia kufuli imelia, simu inaingia kwenye kifuko kile cha pesa chini ya gauni, na haitoki mpaka tumeshakula. Mwezi wa kwanza nilisahau mara nyingi. Siku hizi mkono unakwenda wenyewe. Uji haujaungua tangu Pasaka, ingawa wiki iliyopita niliunguza maharage, na hapo simu haihusiki.

Akiba nayo ina hadithi yake. Miaka yote nilijiapiza nitaweka akiba peke yangu, na nilikuwa mwizi wangu mwenyewe. Tangu niingie kikundi chetu cha Jumatano sijagusa hata shilingi. Umeliona lile sanduku la bati: kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu, sanduku lenyewe kwa wa nne. Moyo wangu haukubadilika, bado unatamani vitenge vya Kongo kila wikiendi. Kilichobadilika ni kwamba ufunguo sina.

Nilikuwa nadhani hayo ni ya pesa tu, mpaka mteja wangu mmoja wa Sudan Kusini, anayetoka kambi ya wakimbizi ya Rhino Camp kununua dagaa, aliponieleza jambo. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza mafunzo ya kujisaidia (ndiyo, neno lile lile la shangazi) kwa watu wenye dhiki nyingi moyoni, na yalijaribiwa hapo hapo kambini kwa wakimbizi wanawake karibu 700. Vipindi vitano, kila kimoja kama saa mbili, sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha. Matokeo yalichapishwa 2020: miezi mitatu baadaye, dhiki ya waliohudhuria ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao waliopata huduma za kawaida. Alinifundisha zoezi moja palepale bandani: kandamiza nyayo chini, vuta pumzi polepole, kisha taja unachokiona na unachokisikia. Nilitaja dagaa, mbuzi wa jirani na bodaboda isiyo na ekzosi. Mawazo hayakuondoka ila yaliacha kunivuta kwa kamba. Lakini angalia walivyofanya: wanawake 20 hadi 30 wameketi pamoja, wanasikiliza pamoja. Hata yaliyoitwa ya kujisaidia hayakumwacha mtu afunge mlango.

Basi chagua kijisanduku kimoja, nipe ufunguo wake. Ningechagua mimi, ningechagua usingizi. Ukifunga duka nitumie ujumbe, ukifika kitandani nitumie mwingine, nami nitakusumbua kama mwenyekiti wa kikundi. Na kama uzito uliousema ni zaidi ya uchovu, kama chakula hakipiti na unaona heri usingekuwepo, usingoje ratiba wala mimi. Nenda Butabika. Watu wamelifanya jina hilo kuwa tusi, lakini ile ni hospitali ya magonjwa ya akili, na nauli nakutumia leo.

Kuna jingine halikuwa kwenye karatasi: adungu, kile kinubi chetu cha nyuzi. Ulipokuwa na miaka 12 ulikuwa ukiishika, baba anazima redio. Imening'inia chumbani kwako na nyuzi mbili zimekatika. Nilimpelekea mjomba azitengeneze akakataa, anasema atazifunga wewe ukiwa umekaa mbele yake, uone fundo linavyopita.

Njoo wikiendi ya mwisho wa mwezi, panda basi la usiku ulale njiani. Karatasi utaibandua mwenyewe. Mjusi tutamtafutia pa kukaa.

Dada yako,
Arua